Nani Anacheka Matangani?

Kuna ushauri ambao kila mtu anayeandika hadithi za uhalifu amewahi kupewa: usimkabe msomaji koo mwanzo hadi mwisho, mpe mahali pa kupumua. Ukishaweka maiti, weka mzaha. Lete polisi mnene anayependa mandazi. Lete boda anayeongea sana. Ushauri wenyewe si mbaya, lakini ni nusu tu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayotenganisha hadithi inayokaa kichwani na ile unayoisahau ukishuka matatu.

Tatizo ni kwamba unachukulia kicheko kama tangazo la biashara katikati ya filamu. Giza linasimama kidogo, unamimina chai, kisha giza linaendelea pale lilipoachia. Sasa jiulize: ni hadithi gani nzito uliyowahi kuipenda iliyokuchekesha kwa namna hiyo? Mimi sikumbuki hata moja.

Mfano unaotajwa kila mara ni bawabu wa Macbeth, mchezo ambao S. S. Mushi aliutafsiri kwa Kiswahili mwaka 1968 kwa jina Makbeth. Mfalme ameuawa usiku akiwa mgeni wa watu, na wauaji bado wana damu mikononi. Ghafla mlango unabishwa. Anayekwenda kufungua ni bawabu mlevi, hana haraka hata kidogo, anajifanya eti yeye ndiye mlinzi wa lango la jehanamu na anawakaribisha wanaoingia mmoja mmoja. Watu wanacheka. Mwaka 1823 mwandishi Mwingereza Thomas De Quincey aliandika insha nzima kuuliza kwa nini ule mlio wa mlango unatisha hivyo. Jibu lake ni kwamba maisha ya kawaida yanarudi kubisha hodi, na hapo ndipo tunapotambua wauaji wameenda mbali kiasi gani na ubinadamu. Kwa hiyo bawabu hatupumzishi hata kidogo. Anataniana kuhusu jehanamu bila kujua kwamba amesimama ndani yake, na sisi tunajua.

Turudi nyumbani. Ken Walibora alizaliwa Bungoma mwaka 1965 na kukulia Trans Nzoia. Katika Siku Njema, Kongowea Mswahili anatoka Tanga akimtafuta baba yake, na safari inamleta mpaka Kitale. Kwa sisi wa huku lilikuwa jambo geni: mji wetu, ambao tulizoea kuuona kama mahali pa kuondoka, mtu ametoka pwani kuufuata! Lakini kitabu chake ninachotaka kukizungumzia ni Kidagaa Kimemwozea cha 2012, ambacho watahiniwa wa KCSE walilazimika kukisoma kwa miaka kadhaa. Darasani tulikisoma kama riwaya ya uongozi mbaya. Hebu kisome tena kama riwaya ya uhalifu. Kuna mswada ulioibwa. Kuna ardhi iliyonyakuliwa. Kuna mauaji ambayo amesingiziwa asiye na hatia. Kuna mtoto mchanga aliyetupwa mlangoni kwa watu. Na kuna mtawala ambaye mikono yake imegusa karibu kila kosa.

Katikati ya hayo yupo Matuko Weye, mwanajeshi wa zamani aliyerukwa na akili. Amani na Imani wamemlea yule mtoto kadiri walivyoweza, wamemhangaikia hadi hospitali, mtoto amekufa, na sasa wao ndio wanaotiwa seli kwa kosa la kumuua. Humo ndani wanamkuta Matuko Weye, naye haishiwi na maneno. Kwenye miongozo ya mtihani hili liliandikwa "ucheshi", likahesabiwa kama mbinu moja kati ya nyingi, maksi moja, basi. Hakuna aliyeuliza ucheshi huo unafanya kazi gani.

Mimi naona kazi yake hivi. Mwondoe Matuko Weye, seli inabaki mahali pa machozi tu, na machozi tunayazoea haraka sana. Ukurasa wa tatu wa kilio hauumi kama wa kwanza. Mrudishe, unacheka, halafu unakumbuka kwa nini watu hawa wako pamoja: mmoja kwa sababu ya maneno yake, wawili kwa sababu ya mtoto waliyejaribu kumwokoa. Mchekeshaji mwenyewe ni mdhulumiwa pia. Mzaha wake umezaliwa humo humo gizani, haukuletwa kutoka nje kama soda ya wageni.

Sasa mlinganishe na Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla alituletea mpelelezi huyu kwenye Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha 1960, na kiko chake na rafiki yake Najum. Ucheshi wake ni wa barazani Unguja, wa watu wenye muda wa kubishana. Napenda sana vitabu vile. Lakini kwake maiti ni fumbo, na fumbo tunaweza kulichezea bila kumkosea mtu. Kicheko chepesi kinamtosha marehemu ambaye hatujamjua.

Je, mtindo huo unaweza kuhamishwa Bungoma ya leo? Kati ya 2006 na 2008, huko Mlima Elgon, kundi la SLDF liliua watu na kuwakata wengine masikio. Machi 2008 jeshi likaingia na Operesheni Okoa Maisha, na kuna wanaume waliochukuliwa ambao familia zao hazijawaona hadi leo. Ukiandika hadithi ya mtu aliyepotea, halafu uiweke upande huu wa nchi, lazima ukumbuke kwamba msomaji wako anaweza kuwa na mjomba ambaye hakurudi. Huyo si fumbo la kuchezea kwa kiko.

Hapa Kitale tuko watu sita tunaosomeana kazi zetu Jumamosi. Tangu niache chuo nikiwa mwaka wa pili, hilo ndilo darasa langu. Siku moja mwenzetu alileta hadithi ya msichana aliyeuawa njia ya Kiminini, na ndani yake kulikuwa na boda mmoja mcheshi ajabu. Tulicheka mpaka mhudumu wa kibanda akatuangalia. Mmoja wetu, ambaye kwao ni Cheptais, naye alicheka. Halafu akauliza polepole, "Na huyu dada mwenyewe, hakuwahi kucheka?"

Kimya. Boda alikuwa na mistari yote mizuri. Polisi alikuwa na miwili. Muuaji alikuwa na mmoja. Aliyekufa hakuwa na hata neno.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma hadithi za uhalifu kwa kuhesabu: ni nani aliyepewa utani? Na mara nyingi ni mhalifu. Chukua My Life in Crime cha John Kiriamiti, kitabu alichokiandika gerezani kikatoka 1984 na ambacho vijana wa Kenya bado wanaazimana mpaka kurasa zinalegea. Jack Zollo anasimulia wizi kwa raha na majigambo, na wewe unajikuta uko upande wake, unaombea gari liwake. Watu wa benki wanapita mbio, hatuwajui. Simlaumu Kiriamiti, kwa sababu kile ni kisa cha maisha yake na hajifichi. Ninaowashangaa ni sisi tunaomwiga. Yeye alikuwa anasimulia akiwa ndani ya jela, na jela hiyo inauonea mzaha wake macho kila ukurasa. Sisi tunauchukua mzaha, jela tunaiacha.

Nairobi Half Life ya 2012 ilikwepa mtego huo. Tunakutana na Mwas kijijini akiuza filamu huku akiziigiza, mikono hewani, sauti ya shujaa. Tunacheka naye kabla hajaingia mji na kabla hajaiba chochote. Kwa hiyo baadaye, bunduki za polisi zinapomwelekea yeye na wenzake, hatuoni "mshukiwa" kama magazeti yanavyoandika. Tunamwona yule kijana wa mikono hewani. Kicheko cha mwanzo ndicho kinachotuuma mwisho.

Na haya yote hatuhitaji kuyatoa mbali. Nenda matangani usiku, Bungoma au Kitale. Wabukusu wana khuswala kumuse, ambapo mzee mwenye kipawa anawahutubia waombolezaji baada ya mazishi ya mzee mwenzake. Hilo ni zito, na si kila mtu anayeruhusiwa kulifanya. Lakini usiku wa kukesha, pale kwenye moto, utasikia watu wakikumbushana jinsi marehemu alivyokuwa mchoyo wa sukari, au jinsi alivyokimbizwa na bata mzinga akiwa amevaa suti. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, na mjane anacheka nao, kisha analia kuliko alivyolia mchana. Kule Tanzania kazi hii hata ina wenyewe: watani wana ruhusa ya kumwigiza marehemu msibani, na hakuna anayekasirika. Hakuna anayesema kwamba wamepunguza msiba. Wameonyesha ukubwa wake. Kumbe mtu aliyelala kwenye jeneza alikuwa huyu, mwenye suti na bata mzinga.

Lakini mita hamsini kutoka kwenye moto kuna muziki mwingine. Disko matanga. Spika kubwa, vijana, vumbi. Serikali imeipiga marufuku tena na tena huku Magharibi kwa sababu ya wasichana wanaodhulumiwa gizani wakati watu wanacheza. Pale pia kuna kicheko, tena kikubwa kuliko cha motoni. Kazi yake ni tofauti: kinafunika sauti ya anayeita msaada.

Msiba mmoja, usiku mmoja, vicheko viwili. Cha motoni kinamtaja marehemu. Cha kwenye spika kinazima kilio cha aliye hai. Mwandishi wa uhalifu anaweza kuviandika vyote viwili, na nadhani anapaswa, maana vyote ni vya kweli. Anachopaswa kukijua ni kile anachokiandika saa hiyo. Boda mcheshi wa Kiminini anaweza kuwa moto, kama utani wake unamhusu yule dada aliyekuwa akimbeba kila asubuhi na kumdai shilingi kumi zake. Akiwa yupo tu ili tusahau kuna maiti kichakani, basi huyo ni spika.

Wahariri wataendelea kutuambia tuongeze vichekesho. Wanalipa wao, na kodi ya nyumba hailipwi kwa nadharia. Tuongeze. Hata mimi nataka msomaji wangu acheke. Lakini kabla hujamleta yule polisi wa mandazi, rudi kwa maiti wako. Kaa naye kidogo. Alikuwa anamwiga nani nyumbani? Ni jina gani alilowapachika majirani? Alipocheka, alifunika mdomo au aliachia meno yote? Ukishayajua hayo, yape ukurasa wa kwanza, au wa kumi, popote. Msomaji atacheka naye. Kisha mwambie amekufa.