Istilahi za Kuunda Tishu ya Mafuta: Uhakiki

Wataalamu wa uundaji wa tishu hukuza seli hai nje ya mwili mpaka ziungane na kuwa kipande kinachofanana na ngozi, gegedu au mafuta ya mwilini. Makala haya yanahusu hayo mafuta. Mfasiri akutanaye na taaluma hii mara ya kwanza huelekea kuandika: "mfano wa pande tatu wa mafuta ya binadamu katika jukwaa". Kila neno hapo ni Kiswahili safi, lakini fungu zima linapotosha.

Tuanze na "pande tatu", maana ndipo penye kosa kubwa. Mwanafunzi wa shule ya msingi anajua kwamba umbo lenye pande tatu ni pembetatu, nayo huchorwa ubaoni, haina kina. Istilahi iliyokusudiwa kutaja kina imetaja kitu kilichokikosa, ilhali kina ndicho shabaha ya kazi yote. Seli ya mafuta meupe iliyokomaa hubeba tone moja kubwa linaloisukuma nyuklia hadi ukingoni. Kwa wepesi wake huelea, haishiki chini ya chombo. Ndiyo sababu Sugihara na wenzake, huko Japani mwaka 1986, walijaza chupa pomoni kwa maji ya kukuzia ili seli hizo zishike darini mwake. Nazo seli changa zikikomazwa katika sahani bapa, aghalabu huishia na matone madogo mengi. Zikiwekwa mahali penye urefu, upana na kina, hukaribia zaidi hali ya mwilini. Wako watakaopendelea "vipimo vitatu", lakini hospitalini vipimo ni vya damu na mkojo. Sisi tunaona "-enye ujazo" inatosha.

"Jukwaa" nalo halifai. Jukwaa la waashi husimamishwa nje ya ukuta, na jengo likiisha huondolewa. Kitu kinachotajwa hapa seli hukaa ndani yake. Katika Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, maabara ya David Kaplan imetumia sifongo ya protini ya hariri kwa kazi hiyo. Tunalo neno "kiunzi", lililotokana na kuunda, na tulilokwisha kulizoea katika kiunzi cha mifupa. Hapana haja ya kutafuta jingine.

Neno "mafuta" lina uzito wa namna nyingine. Mafuta hupikiwa, hupakwa, hutiwa garini. Seli zinazohitajiwa hupatikana katika mafuta yaliyotolewa wakati wa upasuaji, na mgonjwa huombwa ridhaa yake. Fomu ikimwambia kwamba "mafuta ya binadamu yatachukuliwa yakatengenezewe mfano", katika nchi ambamo habari za mumiani zilienea tangu enzi ya ukoloni, tusishangae akikataa kutia sahihi. Na akikubali, amekubali nini hasa? Tena jambo lenyewe si mafuta matupu. Ni tishu yenye seli za aina nyingi, mishipa ya damu na neva. Na tangu homoni ya leptini ilipogunduliwa mwaka 1994, imekuwa vigumu kuiita ghala tu. Tunapendekeza "tishu ya shahamu". Neno shahamu tulilipata zamani kutoka Kiarabu, linataja mafuta ya mwilini, wala halitumiki kituo cha petroli. Litasemwa kwamba ni geni kwa vijana. Kweli, lakini "tishu" nayo ilikuwa ngeni.

Limebaki "mfano", ambalo ndilo gumu kuliko yote. Mfano wa shahamu waweza kuwa ile shahamu yenyewe, kama vile embe ni mfano wa tunda. "Kielelezo" ni kitu cha kutazamwa, hali kipande hiki hutiwa dawa ili ionekane kitaitikaje. Tunaelekea kwenye "kifani", yaani kitu kilicho sawa na kingine, ingawa msemaji wa leo hulijua neno hilo zaidi katika kukanusha: uzuri usio na kifani. Kama "kifani chenye ujazo cha tishu ya shahamu" kitakubalika masikioni, hatuwezi kuamua mezani petu. Tungependa kupata maoni ya wauguzi na waganga, ambao ndio watakaomsomea mgonjwa fomu hiyo kwa sauti.