Ukosoaji wa Hoja ya "Ukuta wa Mawimbi"

Ipo hoja inayozidi kupata wafuasi, na hata baadhi ya makada wameanza kuikariri: kwamba mahali nyeti, pawe uwanja wa ndege, bwawa la umeme au ghala la silaha, patakuwa salama na ndege zisizo na rubani mara tu utakaponunuliwa mtambo wa kuvuruga mawimbi. Hoja hiyo ni potofu, na hatuna budi kuichambua.

Ndege ndogo za kawaida huongozwa kwa redio, aghalabu kwenye masafa ya gigahezi 2.4 au 5.8, na hujua zilipo kwa kusikiliza setilaiti. Mtambo hupiga kelele kwenye masafa hayo hayo mpaka amri ya mwongozaji isisikike. Ndege ikatua, ikaganda hewani au ikarudi ilikotoka. Wanaoutetea hukomea hapo. Hawasemi kwamba kelele hizo hazimchagui rafiki wala adui. Ukivuruga setilaiti karibu na uwanja, unamvuruga pia rubani aliyebeba abiria 200.

Desemba 2018 uwanja wa Gatwick, Uingereza, ulivurugika kwa saa zipatazo 33 kwa kuwa watu walisema wameziona ndege hizo. Safari zipatazo 1,000 ziliharibika na abiria 140,000 wakataabika. Jeshi likaleta mitambo. Ndege yenyewe haikupatikana. Watu wawili waliokamatwa waliachiwa bila mashtaka, na baadaye polisi wakawalipa fidia. Kuvuruga mawimbi kungesaidia nini pale ambapo hakuna aliyeweza kuthibitisha kilichokuwa kikiruka?

Tutajibiwa kwamba vitani mambo ni mengine. Basi tutazame Ukraine. Kuanzia 2024 majeshi ya Urusi, kisha ya Ukraine yenyewe, yalirusha kwa wingi ndege zinazoburura uzi mwembamba wa kioo wenye urefu wa kilometa 10 na zaidi. Amri hupita ndani ya uzi, hivyo hakuna wimbi la kuvuruga wala la kunasa. Mtambo wa fedha nyingi ukawa pambo, na askari wakafunika barabara kwa nyavu, zikiwemo za wavuvi!

Hatusemi mitambo itupwe. Kwa mpita njia mwenye kamera inatosha. Tunalolikataa ni kukiweka chombo mahali pa mlinzi. Darasani tuliwauliza wanafunzi: nani hutazama anga usiku, humwarifu nani, na nani ana mamlaka ya kuwasha mtambo wakati ndege ya abiria inatua? Wengi walitutajia bei ya mtambo.