Gia Ngumu Asubuhi: Pima Kabla ya Kushusha Giaboksi

Gari lenye gia ngumu asubuhi hufika gereji, iwe Tandika au Mwananyamala, likiwa limekwisha kuhukumiwa: giaboksi imekufa, ishushwe. Hukumu hiyo mara nyingi ni ya haraka. Kushusha giaboksi ya Hiace ya daladala ni kulilaza gari na kukosa hesabu ya tajiri, ilhali chanzo huweza kujulikana kabla spana haijagusa bolti.

Anza injini ikiwa imezimwa. Kanyaga klachi, pitisha gia zote. Zikigoma hata hapo, tazama kwanza nje ya giaboksi: keboli zilizokauka, bushi za mkono wa gia zilizoisha, viungo vilivyoshika kutu. Zikiingia laini, washa injini, kanyaga klachi hadi mwisho, subiri sekunde chache, kisha tia rivasi. Ikikwaruza, klachi haiachii sawasawa, na injini bado inaizungusha shafti ya giaboksi. Kwa klachi ya haidroliki, kagua kiwango cha oili ya breki, toa hewa kwenye mfumo, angalia kama raba za silinda ya juu na ya chini zinavuja. Kwa klachi ya keboli, rekebisha urefu wake.

Ikiwa klachi ni nzima, lakini gia hugoma kilomita za mwanzo tu kisha hulainika gari likipata moto, mshukiwa mkuu ni oili ya giaboksi. Sinkronaiza ni pete, mara nyingi ya shaba ya manjano, inayojisugua kwenye koni ya gia ili kasi zilingane kabla meno hayajakutana. Ili ishike, lazima ikamue utando wa oili uliopo katikati. Oili nzito haikamuliki upesi, na mkono wa dereva huhisi gia imegota.

Baridi ya Dar es Salaam haitoshi kuleta shida hiyo yenyewe. Alfajiri ya Julai huwa karibu nyuzi 18 au 19. Kosa huwa kwenye chaguo la oili. Gari lililochoka hutiwa 85W-140 kwa sababu hupunguza mlio wa beringi na uvujaji. Lakini katika nyuzi 40, oili hiyo kwa kawaida ni nzito takriban mara tatu kuliko 75W-90 ya sintetiki, na pengo huongezeka joto likishuka. Gari hilohilo likipakia mzigo Temeke, likapanda Kitonga na kukata Makambako kuelekea Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, litalala kwenye baridi ya Juni inayoshuka chini ya nyuzi 10. Asubuhi gia ya pili itapiganiwa.

Soma pia alama ya GL kwenye galoni. GL-5 imetengenezwa hasa kwa ajili ya difu, ikiwa na viambato vingi zaidi vya salfa na fosforasi. Katika baadhi ya giaboksi huifanya sinkronaiza iteleze, na baadhi ya oili hizo hudhuru shaba. Kitabu cha gari kikitaja GL-4 peke yake, tia GL-4.

Kazi ya kubadilisha oili ina mpangilio. Endesha gari lipate moto, liegeshe pasipo mteremko, fungua bolti ya kujazia kwanza. Ukimwaga oili kisha bolti hiyo ikagoma, gari halitatoka hapo. Jaza hadi oili ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia.

Oili iliyomwagwa nayo ina taarifa. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, jambo la kawaida kwa magari yaliyopita kwenye mafuriko ya bonde la Msimbazi. Unga laini wa chuma kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida. Chembe nyingi za rangi ya dhahabu ni sinkronaiza inayokwisha. Vipande vya chuma ni meno au beringi.

Gia moja ikiendelea kukwaruza gari likiwa na moto, klachi ikiwa nzima na oili ikiwa sahihi, sasa giaboksi ishushwe. Mwenye gari ana haki ya kuomba vipimo hivi vifanyike mbele yake, na fundi anayejali jina lake ataanza navyo bila kuombwa.