Kuboresha Ruger 10/22: mtutu mnene usubiri

Bunduki nyingi zina mtutu uliokazwa kwa hesi au kushindiliwa ndani ya mwili wa bunduki, na kuutoa ni kazi ya fundi mwenye mashine. Ruger 10/22 haiko hivyo. Kampuni ya Marekani ya Sturm, Ruger & Co. ilipoitoa mwaka 1964, mtutu wake ulichomekwa tu kwenye tundu la mwili, kisha ukavutwa na kipande cha chuma chenye mkato wa V kwa skrubu mbili. Kifyatulio, nyundo na springi zake ni kifurushi kimoja kinachoshikiliwa na pini mbili. Kitako kinafungwa mwilini kwa skrubu moja. Mwenye bisibisi na ufunguo wa pembe sita anaifungua bunduki nzima juu ya meza yake.

Uamuzi huo wa kiwandani ndio uliozaa soko la spea ambalo bunduki nyingine za risasi za .22 hazijalifikia. Sheria ya shirikisho ya Marekani nayo imelisaidia: mwili wenye namba ndio unaohesabiwa kuwa bunduki, kwa hiyo mtutu au kifyatulio kinaweza kununuliwa kama kipuri cha kawaida. Volquartsen, KIDD, Green Mountain na wengine wamejenga biashara zao humo. Ndipo mnunuzi anapopotea. Spea ni nyingi, zinang'aa, na wengi huanza na ile inayoonekana kwa mbali, yaani mtutu mnene.

Mimi ningeanza na kitu ambacho hakifungwi kwa skrubu kabisa: risasi.

Risasi ya .22 LR imekuwapo tangu 1887, na dawa yake ya kuwashia haikai katikati ya kitako cha ganda. Imetandazwa ndani ya ukingo, na pini hugonga ukingo huo. Ganda halifai kujazwa upya nyumbani, kwa hiyo mlengaji hana namna ya kujitengenezea risasi inayoendana na mtutu wake. Anachoweza ni kuchagua. Risasi za mwendo mkali zenye kichwa cha kawaida cha gramu 2.6 hutoka kwa takriban mita 380 kwa sekunde, na kabla ya kufika mita 100 huwa zimeshuka chini ya mwendo wa sauti, ambao ni kama mita 340. Katika kuvuka mpaka huo hewa huzisukasuka. Risasi za mashindano hutoka tayari zikiwa chini ya mpaka, karibu mita 325, na safari yake ni tulivu zaidi. Hata hivyo, toleo moja la kiwandani linaweza kuupenda mtutu wako na toleo linalofuata, lenye jina lilelile kwenye boksi, likaukataa. Nunua maboksi machache ya aina mbalimbali, pima, ndipo uilaumu bunduki.

Cha pili ni kifyatulio. Kile cha asili mara nyingi hudai nguvu ya kama kilo 2.5, na bunduki yenyewe katika umbo lake la kawaida ina uzito wa takriban kilo 2.3. Kidole kinavuta kwa nguvu inayozidi uzito wa kitu kinachotakiwa kutulia. Haishangazi kwamba shabaha inahama. Kifurushi cha BX-Trigger cha Ruger wenyewe hushusha nguvu hiyo hadi karibu kilo 1.25, na kubadilisha nyundo peke yake kwa nyundo iliyochongwa vizuri huleta nafuu kubwa kwa bei ndogo. Vipo vyepesi zaidi, vya kulengea mezani. Kwa mwindaji aliyevaa glavu kwenye baridi, wepesi huo ni hatari, na nasema hivi bila kusita. Baada ya kubadilisha chochote humu, hakikisha bunduki haina risasi, vuta komeo (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) ili nyundo ijitege, kisha gonga kitako sakafuni. Nyundo ikianguka yenyewe, kazi hiyo irudi kwa fundi.

Sasa mtutu. Ule mnene una kipenyo cha inchi 0.920, yaani milimita 23 na ushee, na unahitaji kitako chenye mfereji mpana. Hapo tayari umenunua vitu viwili. Unene hupunguza mtikisiko na huongeza uzito unaotuliza mikono, lakini risasi ndogo kama hii haipashi chuma joto la kutisha, kwa hiyo faida ya kustahimili joto ni ndogo. Kinachostahili fedha ni chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa. Ya kiwandani ina nafasi ya kutosha ili kila risasi iingie, na ndani ya nafasi hiyo risasi inaweza kulala upande kidogo kabla ya kulipuka. Chemba ya mashindano hubana hadi kichwa kinagusa mifereji ya mtutu. Inalenga vizuri sana, ila ukiitoa risasi ambayo hujaipiga, kichwa kinaweza kubaki kimenasa mtutuni huku baruti ikimwagika kwenye mitambo. Chemba ya Bentz iko katikati: inabana kuliko ya kawaida, na risasi nzima bado inatoka salama. Kwa bunduki inayojipakia yenyewe kama hii, naichagua hiyo bila wasiwasi.

Uzito una deni lake pia. Mtutu mnene unaning'inia kwenye skrubu mbili zilizong'ata mwili wa aloi ya alumini, na bunduki yote imeshikwa kwenye kitako kwa skrubu moja ya mbele. KIDD walilijibu hili kwa kutengeneza mwili wenye mshiko wa nyuma, ili skrubu ya pili ifunge kule.

Pini ya plastiki inayochukua nafasi ya pini ya chuma nyuma ya komeo hupunguza kelele na ni rahisi. Haiongezi shabaha, kwa maana komeo linapoigonga, risasi imekwishatoka mtutuni. Darubini ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi: iliyotengenezwa kwa bunduki kubwa huwa imerekebishwa kwa yadi 100 au zaidi, na kwa mita 50 ukisogeza jicho, alama nayo husogea juu ya shabaha.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, ukitumia risasi za toleo lilelile, umbali uleule, ukiegemea mfuko wa mchanga. Piga makundi kadhaa ya risasi tano na uchukue wastani wa upana wake. Kundi moja dogo lililopigwa jioni yenye utulivu halithibitishi kitu, na spea nyingi zimesifiwa kwa ushahidi wa kundi la namna hiyo. Wastani ukibaki palepale baada ya risasi nzuri na kifyatulio kipya, hapo mtutu una kesi ya kujibu.