Jezi Kumi na Moja, Mkono Mmoja

Timu ya mtaa, iwe ya Likoni, Kisauni au Changamwe, ikiletewa jezi zilizoshonwa nyumbani, nahodha huokota moja, akaigeuzageuza, akaridhika. Hapo hajakagua kitu. Jezi moja nzuri mafundi wengi wanaiweza. Ufundi wa sare ni kuzifananisha zote, kwa hivyo zitandaze mkekani zote pamoja, uani, juani.

Anza na rangi. Kitambaa cha rangi ile ile kikitoka majora mawili huweza kupishana, na taa ya dukani huficha tofauti ambayo jua la uwanjani litaianika. Fundi wa Likoni ajuaye kazi akivuka feri kwenda mjini hununua jora moja, na ziada ya mchezaji atakayesajiliwa baadaye, maana akirudi huenda jora limeisha. Tazama pia mng'ao: kipande kilichokatwa kichwa chini huonekana kama kimepauka.

Sasa zigeuze ndani nje. Kitambaa cha jezi huvutika, na mshono sharti uvutike nacho. Shika mshono wa ubavuni kwa vidole vya mikono miwili, uvute kwa nguvu. Mshono ulionyooka wa cherehani ya kawaida utakatika. Wa ovaloki au zigizaga utarudi mahali pake. Kagua kandokando ya uzi. Ukiona vijitundu, sindano ilikuwa ya ncha kali, ikakata nyuzi za kitambaa badala ya kupenya katikati yake. Kwa jasho la Pwani jezi hufuliwa kila baada ya mechi, na vijitundu hivyo vitafumuka.

Ukanda wa shingo hukatwa mfupi kuliko tundu la shingo, ukashonwa huku ukivutwa kidogo. Ukifanywa hivyo hulala. Ukilingana na tundu husimama mawimbi.

Kisha pima kwa futi, kutoka mshono wa shingo hadi juu ya nambari ya mgongoni. Kipimo kiwe kimoja kwa jezi zote, ndogo na kubwa. Ya kipa pekee ndiyo hutofautiana rangi. Fundi aliyekuuliza mapema kipa atavaa rangi gani anaujua mchezo: Sheria ya 4 ya soka inataka kipa atofautike na wachezaji wengine na waamuzi.

Mwulize pia alishona kwa mpango gani. Katika viwanda vya nguo vya EPZ, vile vinavyoshona nguo za kuuzwa nje ya nchi, mtu hushona kola tu kutwa nzima. Fundi wa nyumbani afuate njia hiyo: mabega yote, kisha mikono yote, kisha kola zote. Anayemaliza jezi moja ndipo aanze nyingine, mkono wake hubadilika njiani, na jezi ya kumi haifanani na ya kwanza.

Kabla ya kulipa salio, fua moja, ianike, uilaze juu ya isiyofuliwa. Ikiwa haikuchuja wala kufupika, lipa bila kuvutana bei, na jezi za msimu ujao umwagize yeye.