Kurudisha Zamu Baada ya King'ora

Kule Sola, mkoani Simiyu, gari la wagonjwa likipita barabara haibaki na deni. Bodaboda anasogea kushoto, mkokoteni wa pamba unasukumwa pembeni pamoja na ng'ombe wake, vumbi linatua, kila mtu anaendelea na safari yake.

Kazi hubaki kwenye makutano yenye taa. Chukua pale Fire, Dar es Salaam, Barabara ya Morogoro inapokutana na ya Umoja wa Mataifa. Zimamoto wako hapo hapo, njia ya kuelekea Muhimbili inaanzia hapo, na tangu 2016 mabasi ya mwendokasi yanapita katikati. Wengi husifu namna njia inavyofunguliwa. Mimi navutiwa zaidi na kinachofanyika gari likishapita, maana hapo ndipo ufundi ulipo.

Wamarekani walianza miaka ya 1960 kufunga taa zinazolitambua gari la dharura likiwa bado mbali. Hata hivyo mtambo hauruki ovyo kwenda kijani. Njano huachwa imalize muda wake, kisha pande zote hukaa nyekundu kidogo ili aliyekwisha kuingia atoke salama. Ndipo njia hufunguliwa. Gari linapita. Sasa fundi wa taa anairudishaje ratiba?

Tuseme mzunguko mzima wa taa ni sekunde 120, nao umepangwa na makutano jirani ili gari lililoachiwa huku likute kijani kule mbele. King'ora kimekula sekunde 35. Saa inayoongoza barabara nzima haikusimama kumngoja mgonjwa, kwa hiyo makutano haya yako nyuma kwa sekunde hizo 35. Ipo njia nyepesi: shikilia kijani cha barabara kuu sekunde 85 zaidi, mpaka saa ya makutano haya ikutane na ile ya barabara nzima. Hesabu inatimia, lakini wa barabara ndogo, ambaye pengine king'ora kilimkatia zamu yake, anaadhibiwa mara ya pili.

Fundi mwenye moyo hupita njia nyingine. Mzunguko wa kwanza anaupunguza sekunde 18, wa pili 17, wa tatu unarudi 120 kamili. Ni kama mcheza ngoma aliyeachwa na mdundo: harukiruki, anafupisha hatua kidogo kidogo hadi aingie tena mstarini, na watazamaji hawajui lini alirudi. Ndani ya makato hayo kuna yasiyoguswa. Njano haikatwi. Muda wa mama anayevuka na mtoto mkononi haukatwi, kwa sababu miguu yake haijui kwamba saa imechelewa. Kinachokatwa ni kijani cha upande wenye nafasi, tena kwa kiasi ambacho dereva hakihisi. Naiheshimu sana hesabu hii, kwa kuwa anayeipanga hatashukuriwa na mtu yeyote.

Kwetu mara nyingi kazi hiyo hufanywa na mkono wa trafiki. Mtazame aliye bingwa. King'ora kikishapita, haachii kwanza upande unaopiga honi. Anawatoa waliokwama katikati, daladala iliyokaa mshazari na bajaji iliyo nyuma yake. Kisha anageukia upande uliozuiwa na kutazama mbali, mkiani mwa foleni, asimtazame konda wa mbele anayepiga kelele "Afande, ruhusu!" Anauruhusu upande huo kwa muda, hausubiri uishe, maana akiusubiri uishe atakuwa amezaa foleni nyingine upande wa pili. Anapunguza huku, anaongeza kule, zamu mbili tatu. Anapotaka kuziachia taa kazi yao, husubiri mpaka rangi inayowaka ilingane na upande anaouruhusu, ndipo anashusha mkono na kurudi kando. Madereva hawapati nafasi ya kubabaika. Mtambo bado haujamfikia mtu huyu, kwa maana yeye anaiona foleni yenyewe, nao mara nyingi unaona saa tu.

Basi nawe dereva, ukisikia king'ora sogea kushoto usimame. Kikishapita, usijibandike nyuma yake ili upenye. Baki kwenye mstari wako, ungoje zamu yako.