Mashini yenye kuandika habari

Tarehe 17 Machi 2014, asubuhi, nchi ilitetemeka huko Los Angeles, Marekani. Baada ya dakika tatu hivi, gazeti Los Angeles Times lilikuwa limekwisha kutangaza habari. Aliyeiandika si mtu, bali programu ya kompyuta, jina lake Quakebot, iliyotungwa na Ken Schwencke, mwandishi wa gazeti lile. Yeye aliamshwa na mtetemeko, akakuta habari tayari, akaipitia, kiisha akairuhusu itoke.

Tuipime habari ile kama tunavyopima maandishi mengine. Wema wake ni huu: ni fupi, yataja mahali na nguvu ya mtetemeko, yasema hesabu zake zimetoka wapi, tena yakiri waziwazi kwamba imetungwa na mashini. Upungufu wake: hamna mtu ndani yake. Nani aliogopa? Nani aliumia? Programu hupokea hesabu za wataalamu wa serikali, huzitia katika maneno yaliyotayarishwa mbele, basi.

Upungufu huo ulionekana vizuri tarehe 21 Juni 2017. Quakebot ilitangaza mtetemeko wa nguvu 6,8 karibu na Santa Barbara. Kumbe ni ule wa tarehe 29 Juni 1925, uliobomoa sehemu kubwa ya mji na kuharibu kanisa la misioni! Wataalamu walikuwa wakisahihisha mahali pake katika hesabu zao. Ujumbe ukatoka kwa kosa, nao mwaka ukaandikwa 2025. Mtoto wa shule angeuliza: mwaka usiofika bado, nchi imetetemekaje? Mashini haikuuliza. Wala haikusema uongo: ilitii tu. Ikawa lazima gazeti lifute tangazo lake.

Wengine watasema: kosa moja katika habari nyingi ni kitu gani? Wawaulize watu wa Goma. Baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, nchi ilitetemeka siku nyingi. Wakati kama ule neno moja laweza kukimbiza mtaa mzima usiku.

Basi hukumu yetu ni hii. Mashini ihesabu, ipange, iharakishe. Kazi hiyo yaiweza kuliko sisi. Lakini kushuhudia ni kazi ya mtu, kwa maana shahidi ni yule anayeweza kuulizwa na kujibu. Zile nukta chache ambazo Schwencke alizitumia kusoma kabla ya kutangaza, ndizo zilizofanya maandishi yale kuwa habari. Nasi, wandugu, tunaposoma habari katika simu, kabla hatujaipeleka kwa wengine, tuulize kwanza: nani anajibu kwa ajili ya neno hili?